Mwombaji aisome mwenyewe: kanuni ninazofuata kutengeneza tovuti ya chuo

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, nenda steshenari yoyote ya Ngamiani hapa Tanga, ukae kwenye benchi nusu saa uangalie. Utaona vijana wamejipanga na bahasha za kaki mkononi, na mwenye duka yuko mbele ya kompyuta anawajazia maombi ya chuo mmoja mmoja. Anauliza jina, anauliza namba ya mtihani, anaweka barua pepe aliyoifungua yeye na nywila aliyoichagua yeye. Kijana analipa, anaondoka na karatasi. Wiki chache baadaye chuo kinatuma ujumbe wa kuthibitisha udahili, nao unaingia kwenye barua pepe ambayo kijana hana nywila yake.

Mwenye steshenari simlaumu, anasaidia watu. Lawama ni yetu sisi tunaotengeneza hizo tovuti. Kijana yule ana simu janja mfukoni, usiku kucha anaangalia mpira na kuchati na wenzake kwa simu hiyohiyo. Akishindwa kujaza fomu ya chuo kwa simu hiyo, basi fomu ndiyo mbovu.

Nina miaka kumi na moja katika kazi hii, meza yangu iko Chumbageni, na tovuti za vyuo ndizo zilizonichukua muda mwingi kuliko kazi nyingine yoyote. Haya ndiyo ninayowafundisha wadogo zangu wanaoanza. Viwango vya kimataifa vipo na nitavitaja, maana ni lazima uvijue. Lakini navipima vyote kwa swali moja: je, mwombaji ataweza kufanya mwenyewe, bila mtu kumsomea wala kumjazia?

Maneno yawe maneno

Nianze na kosa ninalokutana nalo mara nyingi zaidi. Tangazo linaandikwa kwenye kompyuta, linachapishwa, linasainiwa, linagongwa muhuri, linaskaniwa, kisha faili la skani linapandishwa kwenye tovuti. Kwa macho ni tangazo. Kwa kompyuta ni picha ya karatasi, ndani yake hamna hata herufi moja.

Nilipokuwa nahudumia chuo kimoja, kijana wa Muheza alikuja ofisini akiwa ameshikwa mkono na mdogo wake wa kike. Haoni tangu utotoni, na simu yake anaitumia kwa TalkBack, programu ya Android inayosoma skrini kwa sauti. Akaniamkia, akakaa, akasema, "Dada, nimefungua orodha ya waliochaguliwa. Simu inaniambia kuna ukurasa, halafu inanyamaza." Nikaichukua simu nikajaribu mbele yake. Kurasa kumi na nne za majina, na simu haikutamka hata jina moja. Ikabidi mdogo wake aanze kusoma kwa sauti pale ofisini, jina baada ya jina, mpaka akalifikia la kaka yake. Alikuwa amechaguliwa. Wote wawili walifurahi, na mimi pia. Ila habari kubwa namna ile ya maisha yake, mtu mwingine aliijua kabla yake. Na faili lile nililipandisha mimi.

Tangu siku ile utaratibu wangu ni huu. Omba ofisi iliyoandika tangazo ikupe faili lenyewe la Word, usipokee karatasi. Maneno yabandike kwenye ukurasa wa tovuti, yakiwa na vichwa vya habari halisi, aya halisi na jedwali halisi. Nakala yenye saini na muhuri iweke chini kama kiambatisho, kwa anayetaka kuipeleka benki au Bodi ya Mikopo. Utaambiwa tangazo bila muhuri si rasmi. Usibishane. Waambie muhuri upo, uko chini, na maneno yako juu. Mimi humchukua mkuu wa ofisi husika nikamfungulia TalkBack kwenye faili lake mwenyewe, asikilize ule ukimya. Hapo mazungumzo huwa mafupi.

Kama karatasi ndiyo peke yake iliyobaki, ipo programu ya bure inaitwa Tesseract. Inageuza picha ya maandishi kuwa maandishi, na Kiswahili inakijua. Ikimaliza, pitia wewe mwenyewe mstari kwa mstari, hasa tarakimu, kwa sababu huweza kuchanganya 1 na herufi l, au 0 na herufi O. Kwenye jedwali la ada, kosa hilo linamgharimu mzazi.

Bango zuri la rangi lenye tarehe ya mwisho wa maombi nalo ni ugonjwa uleule. Bango libaki kwa ajili ya mitandao ya kijamii. Kwenye tovuti, tarehe iandikwe. Hili si wazo langu peke yangu: mwongozo wa WCAG, wa kufanya tovuti itumike hata na wenye ulemavu, unaotolewa na W3C, shirika la viwango vya tovuti aliloanzisha Tim Berners-Lee, mvumbuzi wa World Wide Web, mwaka 1994, unataka maandishi yawe maandishi na si picha ya maandishi. Toleo ninalofuata ni la 2.2, lililotoka Oktoba 2023. Lina ngazi tatu, A ya chini, AA ya kati na AAA ya juu, na AA ndiyo taasisi nyingi zimejiwekea kuwa kipimo. Ukiulizwa kwa nini chuo cha Tanzania kihangaike na haya, jibu lipo: nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na kifungu cha 9 cha mkataba huo kinataja habari, mawasiliano na intaneti.

Saa sita usiku ya lini?

Hili hutalikuta kwenye mwongozo wa Ulaya, lakini hapa kwetu limewaumiza watu.

Chuo kimoja kiliwahi kuandika kwamba mwisho wa kupokea maombi ni "saa 6:00 usiku, Ijumaa". Aliyepanga mfumo akaweka 00:00 ya Ijumaa. Maana yake mlango ulifungwa Alhamisi usiku, pale siku inapogeuka. Ijumaa jioni mama mmoja akaingia steshenari na binti yake, wametoka Pangani na basi la mchana, wamebeba vyeti vyote, wakakuta mfumo umefungwa. Nilikuwepo. Mama alilisoma tangazo mara tatu akiwa amelishika karibu na macho, akaniuliza, "Mwanangu, leo si Ijumaa?" Nilikosa la kumjibu, kwa sababu alikuwa sahihi.

Sisi watu wa pwani tuna hesabu nyingine tena. Usiku hutangulia mchana wake. Mzee akisema usiku wa Ijumaa, anasema usiku wa kuamkia Ijumaa. Mjukuu wake akisema maneno hayohayo, anasema Ijumaa baada ya jua kuzama. Na programa aliyezoea mifumo ya nje akiona 6:00 anaona alfajiri, ile sisi tunayoiita saa kumi na mbili.

Kwa hiyo usitumie kabisa saa sita usiku kama mwisho wa jambo lolote. Andika hivi: "Mwisho ni Ijumaa, tarehe 10 Oktoba 2025, saa 5:59 usiku." Taja siku, tarehe, mwezi na mwaka, vyote. Chini yake ongeza mstari mmoja kwamba ni 23:59 kwa saa za mfumo wa 24. Kwenye msimbo ifunge tarehe hiyo ndani ya <time datetime="2025-10-10T23:59+03:00">, ili kompyuta nayo ielewe ni saa za Afrika Mashariki. Halafu kubaliana na ofisi ya udahili kwamba aliyekwisha anza kujaza kabla ya saa hiyo apewe nusu saa ya kumalizia. Mimi nalisisitiza hili, kwa kuwa dakika za mwisho ndipo seva inapozidiwa, na uzito wa seva si kosa la mwombaji.

Fomu isiyokataa jina la mtu

Binti mmoja jina lake la ukoo ni la Kisukuma, linaanza na Ng'w. Fomu ikamwambia kwa wino mwekundu: "Jina si sahihi." Akajaribu tena, ikakataa. Akaiondoa ile alama katikati, fomu ikapokea. Siku ya usajili akaambiwa jina la kwenye mfumo halifanani na la kwenye cheti, akalete hati ya kiapo. Nauli, pesa ya wakili, siku mbili zimepotea, kwa sababu kuna mtu alikaa akaamua kwamba jina la binadamu ni herufi A mpaka Z basi.

Sehemu ya jina ipokee alama ya ng', ipokee kistari, ipokee nafasi. Na ujue alama hiyo ina sura mbili kwenye kompyuta, ile iliyonyooka na ile iliyopinda, na baadhi ya simu huibadilisha zenyewe mtu akiwa anaandika. Pokea zote mbili, hifadhi moja. Fanya hivyohivyo kwenye sanduku la kutafuta, la sivyo mtu ataandika ng'ombe na kuambiwa chuo hakina kozi ya mifugo wakati ipo.

Namba ya mtihani ya kidato cha nne nayo. Wengi hujenga fomu inayotaka S, tarakimu nne, mkwaju, tarakimu nne, mkwaju, mwaka. Watahiniwa wa kujitegemea namba yao huanza na P. Nimeikuta fomu iliyowafungia nje wote hao. Mwingine ataandika s ndogo, mwingine ataacha nafasi, mwingine ataweka nukta badala ya mkwaju. Usimrudishe mtu kwa hayo, kompyuta yako isafishe yenyewe. Simu iwe hivyo pia: ikianza na 07, na 255, au na alama ya kujumlisha, zote ni simu moja.

Kila kisanduku kiwe na maelezo yake juu, nje ya kisanduku. Maandishi hafifu ya ndani hupotea mtu akianza kuandika, naye akisimama kidogo kumjibu mtu anasahau alikuwa anajaza nini. Kosa likitokea, lisemwe kwa maneno na mahali pake: "Namba ya mtihani imepungua tarakimu moja." Rangi nyekundu peke yake haitoshi, wapo wasioitofautisha. "Hitilafu imetokea" haimsaidii yeyote, wala wewe utakayepigiwa simu.

Nywila mtu aruhusiwe kuibandika na kuiangalia. Na kila hatua ya fomu ijihifadhi yenyewe, maana bando huisha katikati, na anayerudi kesho baada ya kununua lingine akute alipoishia. Vitufe WCAG 2.2 inataka visipungue pikseli 24 kwa 24. Mimi naweka 48, kwa ajili ya kidole gumba kwenye daladala.

Rangi, na jua la saa saba

Kila chuo kina rangi zake na hutaruhusiwa kuzibadili. Sawa, lakini unaruhusiwa kuchagua zikae wapi. Kanuni ni kwamba maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari yake kwa uwiano wa 4.5 kwa 1 au zaidi, na maandishi makubwa 3 kwa 1. Nyeusi juu ya nyeupe ni 21 kwa 1. Njano kali juu ya nyeupe ni 1.07 kwa 1, karibu sawa na kutoandika kitu. Kijivu cha #777777 juu ya nyeupe kinatoa 4.48, kimeshindwa. Kijivu cha #767676 kinatoa 4.54, kimepita. Macho yako hayataona tofauti yake, kwa hiyo usipime kwa macho, tumia kipimo cha WebAIM, ni cha bure na kinafanya kazi kwenye kivinjari.

Rangi ya njano ya chuo iwe mstari pembeni, au mandhari yenye maandishi meusi juu yake. Kisha chukua simu ya bei ndogo, nenda stendi ya Kange saa saba mchana, fungua ukurasa ukiwa umesimama juani. Nimekataa michoro yangu mwenyewe hapo stendi zaidi ya mara moja.

Uzito

Nitalipita haraka, si kwa udogo wake bali kwa kuwa dawa yake inajulikana. Picha ya mahafali iliyotoka kwenye kamera ina upana wa pikseli 4000 na zaidi na uzito wa megabaiti kadhaa. Skrini ya simu haina haja nayo. Ipunguze mpaka pikseli 1200, ihifadhi kama WebP, aina ya faili la picha lililo jepesi, mara nyingi itashuka chini ya kilobaiti 150. Programu ya Squoosh inafanya kazi hiyo ndani ya kivinjari. Andika upana na kimo cha kila picha kwenye msimbo ili ukurasa usirukeruke wakati unafunguka. Picha za chini zipe loading="lazy", ili zisipakuliwe mpaka mtu azikaribie, ya juu kabisa usiipe. Zile picha tano zinazobadilishana ukurasa wa mbele, acha moja. Mwombaji hakuja kuangalia majoho, na anayelipia picha hizo ni yeye kwa bando lake.

Ukurasa wangu wa mbele nauwekea mpaka wa kilobaiti 500 kwa kila kitu. Google wao wanapima kwa muda: kitu kikubwa cha skrini kionekane ndani ya sekunde 2.5, na kitufe kikiguswa kijibu ndani ya milisekunde 200. Lighthouse, kipimo kilichomo ndani ya Chrome, itakuonyesha mahali ulipokwama.

Kiswahili chenye lebo yake

Violezo vingi vya tovuti vinakuja na lang="en", lebo inayoiambia kompyuta kwamba ukurasa ni wa Kiingereza, kwenye mstari wa juu wa msimbo, na watu huviacha hivyohivyo. Ukurasa wako ukiwa wa Kiswahili andika lang="sw". Ni herufi mbili tu. Sakinisha NVDA kwenye Windows, ni programu ya kusoma skrini kama TalkBack, ni ya bure na inakuja na sauti ya eSpeak NG inayosema Kiswahili, usikilize ukurasa wa ada kabla na baada. Kabla, "ada ya chuo" inatamkwa kama mtu aliyeshuka melini jana. Baada, unaelewa kila neno. Ukiwa na jina la kozi la Kiingereza katikati ya sentensi ya Kiswahili, lizungushie lang="en" lake.

Vyuo vikuu vyetu vinafundisha kwa Kiingereza, kwa hiyo maelezo ya kozi yanaweza kubaki Kiingereza. Lakini ada, tarehe, malazi, jinsi ya kupata kumbukumbu namba ya malipo, hayo yaandikwe Kiswahili pia, kwa kuwa anayelipa ni baba yuko Korogwe au shangazi yuko Handeni, na ana haki ya kujua pesa yake inaelekea wapi bila mkalimani.

Menyu nayo ifuate maneno ya waombaji, usiipange kwa mpangilio wa vyeo vya chuo. Usibahatishe maneno hayo. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kukuonyesha sehemu kubwa ya matatizo ya tovuti, nami nimeona hivyo kwa macho. Nilikwenda kwenye baraza la kahawa Ngamiani na simu moja, nikawaomba watu watano mmoja mmoja: "Nitafutie ada ya mwaka wa kwanza." Nikanyamaza, nikaangalia vidole. Mmoja tu aliifikia. Wengine wanne waliingia "Kurugenzi" wakapotea, kwa sababu ndiyo iliyokuwa neno la kwanza kwenye menyu. Ukifanya hivi usiwaelekeze hata ukiona uchungu. Kesho yake nilibadilisha menyu ikawa Kujiunga, Kozi, Ada, Malazi, Wasiliana nasi.

Kabla hujapandisha

Weka kipanya pembeni, upite ukurasa wote kwa kitufe cha Tab, ukiona kila mara uko wapi. Kuza maandishi mara mbili uone kama kuna kilichokatika. Punguza dirisha mpaka pikseli 320, mtu asilazimike kusogeza kushoto na kulia ili kumaliza sentensi. Endesha WAVE au axe, vifaa vya kukagua makosa ya ukurasa, lakini ujue vinakamata sehemu tu ya makosa: havitakwambia kama maelezo ya picha uliyoandika yanalingana na picha yenyewe. Maelezo ya picha yaseme picha inaonyesha nini, na kama ni pambo tu, acha alt="", mahali pa maelezo hayo kwenye msimbo, tupu.

Orodha za waliochaguliwa zisiwe na namba za simu wala tarehe za kuzaliwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, matapeli huzitumia namba hizo kuwapigia wazazi. Tumia kikoa cha .ac.tz na cheti cha HTTPS, kinachofunga mawasiliano ya mwombaji na tovuti yasisomwe njiani. Let's Encrypt wanakitoa bure, panga kijihuishe chenyewe ili kisije kikaisha katikati ya msimu wa maombi.

Na kila ukurasa uwe na mtu wake. Chini ya ukurasa wa ada andika ni ofisi gani inahusika nao na lini umehakikiwa mara ya mwisho. Mimi nina daftari la kawaida la mistari, kurasa zote muhimu za tovuti ziko humo, pembeni cheo cha mwenye ukurasa na simu yake ya ofisi. Wiki ya kwanza ya Julai, kabla pilikapilika za maombi hazijaanza, napiga simu mmoja mmoja nikimsomea yaliyoandikwa kwenye ukurasa wake, naye ananijibu ni kweli au si kweli tena. Inachukua asubuhi mbili. Chochote alichosema si kweli tena nakibadilisha yeye akiwa bado hewani, halafu namwomba afungue ukurasa kwenye simu yake mwenyewe anisomee.